Msimpe Mtoto Dansi ya TikTok, Mpeni Kamera

Nianze na la moyoni, halafu mkitaka kunisimanga mnisimange baadaye. Watoto wa shule za msingi hapa Mikindani wanajua kucheza kutushinda sisi sote. Lakini mwambie mmoja, "Haya, tunga dansi yako mwenyewe, ya dakika moja tu," uone atakavyokutazama. Kama umemsemesha Kichina.

Hebu pita Bangladesh saa kumi na moja jioni, watoto washatoka shule. Kaspika kadogo kametiwa ndani ya ndoo ili sauti itoke kubwa, na wako kumi na watano wamejipanga mistari. Mwaka 2018 ilikuwa Odi Dance. 2024 ikaja Anguka Nayo ya Wadagliz, wimbo ulioanza kama wa kucheza tu, kisha Juni ukawa wimbo wa maandamano, na watoto wa miaka minane wakawa wanaanguka nayo vichochoroni bila kujua habari za Mswada wa Fedha. Kila mmoja anacheza sawasawa na mwenzake. Mkono ule ule, goti lile lile, hata ile kugeuza shingo mwishoni. Wanaiga vizuri mpaka inatisha.

Na mimi si adui wa TikTok, msinielewe vibaya. Mkate wangu unatoka humo humo. Nashuti wachezaji, nahariri, naposti, nalipwa, siku nyingine silipwi. Kwa hivyo haya nayasema nikiwa ndani ya nyumba, si jirani anayechungulia dirishani.

Ninachosema ni kwamba tukitaka teknolojia ifundishe dansi bunifu shule ya msingi, tusipeleke skrini ya kuigia. Tupeleke kamera. Ukimwekea mtoto video ya mtu anacheza, umemwambia afanye kama huyo. Ukimrekodi yeye, halafu ukamwonyesha, umemwambia atazame alichofanya. Haya mawili si kitu kimoja, na shule nyingi zinazojiona ziko mbele zimechagua lile la kwanza kwa sababu ndo rahisi. Unawasha projekta, unaweka klipu, watoto wanaruka, mwalimu anasahihisha madaftari nyuma. Kila mtu ana furaha na hakuna aliyefundishwa.

Tuelewane kwanza dansi bunifu ni nini, manake watu wakilisikia neno hilo wanafikiria mavazi ya majani na watoto wanaotabasamu mbele ya mgeni wa heshima. Hapana. Kwa mtoto wa Gredi ya 3, dansi bunifu ni swali analolijibu kwa mwili. Kontena linashushwaje kutoka melini, ukiambiwa usitumie mikono? Ukiwa maji ya mvua unayetafuta njia ya kushuka mtaroni, unapita wapi? Onyesha hasira mwili mzima, kisha ipunguze mpaka ibaki kwenye kidole kimoja. Hakuna jibu moja. Na mwalimu hahitaji kujua hatua hata moja ya dansi, hili ndilo walimu wengi hawaliamini. Rudolf Laban aliliandikia kitabu huko Uingereza mwaka 1948, Modern Educational Dance, akitaka watoto wafundishwe mwendo wenyewe, yaani uzito wake, wakati wake, nafasi unayoichukua na mtiririko wake, badala ya kukaririshwa hatua zilizopangwa na mtu mwingine. Ni miaka zaidi ya 70 sasa. Sisi bado tunakaririsha.

Na wala msiniambie hakuna nafasi kwenye ratiba. Ipo. Mtaala wa CBC, huu ambao sasa wanauita CBE, uliporekebishwa 2024, Gredi ya 1 mpaka 3 zilipewa vipindi 7 kwa wiki vya shughuli za ubunifu, kati ya vipindi 31. Gredi ya 4 mpaka 6 zikapewa vipindi 6 kati ya 35. Ni kweli humo ndani kumebanwa uchoraji, muziki, ufundi wa mikono na michezo ya uwanjani, lakini bado ni vipindi vingi kuliko hisabati. Rudia kusoma hiyo sentensi. Vingi kuliko hisabati! Kwenye karatasi.

Kwenye ukweli, si mnajua. Kipindi cha ubunifu ndicho cha kuazimwa. Mwalimu wa hisabati hajamaliza mada, anaazima. Kuna mkutano wa wazazi, kinaazimwa. Kunafagiliwa uwanja sababu afisa wa elimu anakuja, kinaazimwa, na hakuna siku kitarudishwa. Halafu mtoto akifika Gredi ya 6 anafanya KPSEA, ile iliyoanza 2022, na sanaa inapimwa kwenye karatasi moja na masomo ya jamii, kwa maswali ya kuchagua A, B, C au D. Ndiyo, kuna tathmini za shuleni pia. Lakini mwalimu mwenye watoto 60 na mwalimu mkuu anayemsukuma kuhusu alama atakwambia ukweli ukimnunulia chai: anafundisha kile kitakachoulizwa.

Mahali pekee dansi inapochukuliwa kwa uzito ni kwenye mashindano. Tamasha za Muziki za Kenya zipo tangu 1927, na tamasha za drama na filamu zina kitengo kizima cha ngoma bunifu. Nazipenda, nimelia nikitazama fainali, sitazisema vibaya. Ila tuhesabu. Tuseme shule ina watoto 900. Wanaopanda basi la mashindano ni 30, na wengi walichaguliwa sababu tayari walikuwa wanajua. Ngoma yenyewe kaitunga mkufunzi aliyekodiwa, anayekuja na filimbi shingoni na kuwapigia kelele, "Wewe wa tatu, mguu!" Jukwaani inaandikwa ngoma bunifu, na aliyebuni ni mtu mzima wa miaka 35. Wale 870 waliobaki wanapiga makofi basi likiondoka.

Sasa tuje kwenye vifaa, manake hapa ndo huwa nakasirika.

Kuanzia 2016 serikali iligawa vishikwambi kwenye shule za msingi za umma nchi nzima, mradi wa masomo ya kidijitali uliotokana na ile ahadi ya laptopu ya uchaguzi wa 2013. Zaidi ya milioni 1 vilitoka. Chuo cha JKUAT na Chuo cha Moi pamoja na washirika wao wa nje ndio walioshinda zabuni. Kila shule ilikuwa ipate vishikwambi vya watoto wa darasa la kwanza, laptopu 2 za walimu, projekta, na kasanduku ka kuhifadhia masomo na kurushia waifai darasani. Shule ambazo mimi nimeingia hapa Jomvu na Changamwe, ukiuliza viko wapi unaonyeshwa kabati la chuma lenye kufuli mbili. Betri nyingi zishakufa. Ufunguo yuko nao mtu mmoja, na mtu huyo leo hayupo.

Naelewa kwa nini. Kikiibwa, mwalimu mkuu ndiye anayeulizwa. Kikivunjika, ndiye anayeulizwa. Kikikaa kabatini mpaka kioze, hakuna anayemuuliza mtu kitu. Ukiwa wewe ungefanyaje?

Lakini ile projekta! Watu wanafikiria projekta ni ya kuonyeshea video. Iwashe bila kitu chochote, mwanga mweupe tupu ukutani, funga madirisha, weka watoto watano mbele yake. Vivuli. Umepata jukwaa. Mtoto akisogea karibu na taa kivuli chake kinakuwa jitu, akirudi ukutani anakuwa mdogo, na ndani ya dakika tatu washajifundisha kitu kuhusu nafasi ambacho ungekieleza ubaoni muhula mzima. Hakuna intaneti, hakuna bando, hakuna programu ya kulipia. Na uzuri mwingine nitaurudia chini: sura ya mtoto haionekani.

Niwaambie tulivyofanya. Muhula uliopita nilikuwa naenda kila Jumatano shule moja ya msingi hapa mtaani, sitaitaja, kumsaidia mwalimu wa Gredi ya 4. Ni mama wa makamo, ananiita mwanangu, na siku ya kwanza aliniambia waziwazi, "Mwanangu, mimi kucheza sijui, na hawa ni 63." Nikamwambia mwalimu, mimi nina simu moja tu na kaspika, kwa hivyo tuko sawa.

Tuligawa makundi tisa ya watoto saba saba. Swali la wiki ya kwanza lilikuwa lile la kontena. Kila kundi linapewa dakika tano kutunga, kisha linarekodiwa kwa sekunde 20. Makundi tisa, dakika tatu za kurekodi pamoja na makelele. Halafu wanatazama. Halafu, na hapa ndipo penyewe, wanabadilisha kitu KIMOJA na wanarekodiwa tena. Si viwili. Ukimwambia mtoto "boresha" hajui pa kuanzia. Ukimwambia abadilishe kimoja, anarudi kutazama video kwa macho mengine kabisa, kama fundi anayetafuta waya uliokatika.

Wiki ya kwanza walikuwa wanacheka tu. Mtoto akijiona kwenye simu anacheka, hilo halizuiliki, mwache acheke. Wiki ya pili vicheko vilipungua. Wiki ya tatu kuna msichana mmoja, wale ambao mwalimu anasema sauti yake aliisikia siku ya kuandikishwa, alitazama klipu ya kundi lao, akainua mkono, akasema, "Mwalimu, hapa mimi sikumaliza." Tukarudisha nyuma. Kweli, mkono wake ulikuwa unapanda na kabla haujafika juu ukakatika, akawafuata wenzake. Hakuna mtu aliyemwambia. Mimi nashuti watu wazima wanaolipwa na hawajioni vile.

Sasa sikilizeni hii. Kundi moja la wavulana lilikataa swali la wiki. Wakataka Anguka Nayo. Mwalimu alikunja uso, nikamwomba awaache. Wakacheza, wakaanguka, vumbi likatoka, nikarekodi. Kisha nikawaonyesha ile video ikienda kinyumenyume. Simu nyingi zinaweza hivyo bila gharama. Waliona miili yao inatoka chini, inanyanyuka kama imevutwa kwa kamba, vumbi linarudi ardhini. Walinyamaza. Mmoja akasema, "Hii si kuanguka tena." Wakatumia wiki mbili kujaribu kuinuka vile, kwa miili halisi, na ni kazi ngumu ajabu, jaribu nyumbani uone, tumbo lote linafanya kazi. Walichokitoa mwisho kilikuwa sekunde 40 ambazo sijawahi kuziona kwa mtu. Wakakipa jina, Inuka Nayo. Ilianza na kuiga, sawa, siwezi kukataa. Lakini kamera ndiyo iliyowatoa kwenye kuiga.

Kitu kingine tulichokitumia ni kusimamisha picha na kuchora mstari juu yake kwa kidole. Mguu ulitoka hapa ukaenda pale, chora. Bega nalo, chora. Hili sikulibuni mimi. William Forsythe, mtunzi wa dansi aliyekuwa Frankfurt, alitoa CD mwaka 1999 inayoitwa Improvisation Technologies, amejirekodi anasogea na mistari myeupe inachorwa hewani kufuata mwili wake. Wakati ule ilihitaji maabara nzima. Leo simu ya mkononi ya elfu kumi inafanya, na mtoto wa Gredi ya 4 anauliza swali lile lile: huu mstari ungeendelea, ungeishia wapi?

Muziki ulikuwa kisirani. Ukiweka wimbo wanaoujua, wanarudi kwenye hatua wanazozijua, mwili hauna ujanja. Basi tukawatuma watoto wakusanye sauti za mtaani. Lori la makontena likirudi nyuma, lile tiit tiit tiit ambalo sisi wa Mikindani tunalisikia mpaka usingizini. Mafuta ya mahamri yakichemka asubuhi. Ndege inayoshuka uwanja wa Moi. Makanga akigonga bodi ya matatu. Mwalimu aliweka sheria moja tu, adhana na nyimbo za kanisani zisiguswe, na nilimuunga mkono, darasa lina watoto wa dini zote. Tukazipanga hizo sauti kwa simu, zikawa mdundo. Jamani. Watoto 63 wanacheza mlio wa lori, na hakuna TikTok ya kuwaambia lori linachezwaje.

Kuna wanaosema tupeleke mashine kabisa, michezo ya video ya kucheza. Iko, si mpya. Konami ya Japani ilitoa Dance Dance Revolution mwaka 1998, unakanyaga mishale sakafuni kama skrini inavyokuamuru, na mwaka 2006 jimbo la West Virginia kule Marekani lilitangaza mpango wa kuiweka kwenye shule zake za umma, shida yao ikiwa watoto wanene. Kama shida ni jasho, sawa, inatoa jasho. Lakini mashine inajua jibu tayari na inakupa alama ukilipatia. Hiyo ni KPSEA yenye taa za rangi.

Na wengine watanitajia Ghetto Kids. Nilijua. Kampala, mwalimu Dauda Kavuma, klipu ya watoto wakicheza Sitya Loss ya Eddy Kenzo mwaka 2014, kisha 2023 wako Britain's Got Talent, Bruno Tonioli anawabonyezea kitufe cha dhahabu kabla hawajamaliza kucheza, wanafika fainali. Nawaheshimu mno. Ila tukianza kufundisha dansi shuleni ili tupate Ghetto Kids wa Mombasa, tutakuwa tumerudi kwenye lile basi la watoto 30. Yule msichana wa "sikumaliza" hatakwenda London kucheza. Pengine atakuwa fundi wa umeme. Kipindi ni chake pia.

Kuna siku tulitaka kitu cha kwetu cha kutazama, si klipu za mbali. Mwanafunzi mmoja akasema bibi yake Rabai aliwahi kucheza mwanzele. Siku hizi bibi anakaa na binti yake hapa Mikindani. Tulikwenda na mwalimu, tukaamkia, shikamoo, tukaketi, tukanyweshwa chai kabla ya kutaja shida yetu. Bibi akasema miguu haipo tena, lakini mabega yapo. Akacheza kwa dakika nne, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mabega tu na mikono, mjukuu akimtikisia kayamba. Nikarekodi. Kabla sijazima akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii unaipeleka wapi?" Nikamwambia darasani. Akasema, "Basi iishie hapo. Hii ni ya hao watoto, si ya mtandao."

Nimeposti video mia ngapi sijui, na hii ndiyo nzuri kuliko zote nilizonazo, na hamtaiona. Iko kwenye kadi ya memori ya mwalimu. Watoto waliitazama polepole, kwa mwendo wa kobe, na walichokiona ni kwamba bega la kushoto linachelewa kidogo, linafuata la kulia kama mtu anayeitwa. Hawakuambiwa waigize mwanzele. Waliambiwa wachukue ule ucheleweshaji tu wafanye nao watakalo. Kundi moja liliupeleka kwenye magoti. Kuna mtu ataniambia tunaharibu ngoma za wazee. Ninyi mnaosema hivyo, mara ya mwisho kumuuliza bibi yenu swali lolote kuhusu ngoma ilikuwa lini?

Tena Pwani hatujawahi kuiogopa teknolojia kwenye ngoma. Msomi Terence Ranger aliandika kitabu kizima mwaka 1975 kuhusu beni. Mababu wa pwani hii, kuanzia miaka ya 1890, walizisikia bendi za kijeshi za Wazungu na matarumbeta yao, wakazichukua, wakazigeuza ngoma za mashindano baina ya mitaa, na zikasambaa mpaka bara, Tanganyika zikawa Marini na Arinoti. Tarumbeta ndiyo ilikuwa simu janja ya wakati ule. Hawakukaa kuitazama na kupiga makofi.

Turudi kwa sura za watoto, niliahidi. Hapa nasema na wenzangu wa maudhui hasa. Ukiingia shule na kamera, ile klipu si yako. TikTok yenyewe inasema chini ya miaka 13 huruhusiwi kufungua akaunti, na shule ya msingi yote karibu iko chini ya hapo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na picha ni data. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Milioni nne na nusu! Sasa wewe na simu yako una shilingi ngapi?

Lakini hata kusingekuwa na faini. Mtoto akijua video inakwenda kwa watu, anacheza kile watu watapenda. Hapo hapo anarudi Odi, anarudi Anguka Nayo, anabana uso kama msanii. Tulipowaambia darasani kwamba kila klipu itafutwa Ijumaa isipokuwa zile ambazo kundi lenyewe limechagua kuweka, na hizo zinabaki kwa mwalimu, ndipo wakaanza kufanya vitu vya ajabu. Kujaribu kunahitaji faragha. Mimi ninayeishi kwa kutazamwa nawaambia hivyo.

Wazazi je? Walikuja wawili. Mmoja baba, mtu wa msikiti, akauliza kwa heshima kwa nini binti yake anafundishwa kucheza. Mwalimu hakubishana naye. Alimwita Jumatano aje atazame. Akaona vivuli ukutani, makundi ya wasichana peke yao na wavulana peke yao kwa wale waliotaka hivyo, mlio wa lori, hakuna kiuno, hakuna maneno ya wimbo. Akakaa mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe ni zoezi la akili." Hakuahidi kitu lakini binti aliendelea kuja. Mwingine, mama, alikuwa na swali gumu zaidi: hii itamsaidia vipi mtihani? Mwalimu akamwambia haitamsaidia mtihani. Nilidhani mama ataondoka na hasira. Akasema, "Sawa, angalau hujanidanganya."

Najua mwalimu wa namna hii si wa kila shule. Najua pia umeme unapotea na darasa la watoto 63 lina joto kama jiko. Kuna Jumatano mbili hatukufanya lolote, kipindi kiliazimwa. Lakini gharama ya yote niliyoeleza ni simu moja, kadi ya memori, kaspika, na projekta ambayo tayari ililipiwa kwa kodi ya mama zenu na iko kabatini.

Kwa hivyo naomba vitu viwili. Kama wewe ni mzazi au ulisoma shule ya karibu yako, nenda kwa mwalimu mkuu, kwa adabu, uulize ufunguo wa lile kabati yuko nao nani. Uliza tena wiki inayofuata. Na kama una simu ya zamani imelala kwenye droo, kioo kimepasuka, laini haishiki, mradi kamera inafanya kazi na inachaji, ifute vitu vyako vyote, toa laini, mpelekee mwalimu wa ubunifu wa shule iliyo karibu nawe. Si mimi, mimi ninayo. Mwambie haihitaji bando. Na chaja, jamani, msisahau chaja, tumepewa simu tatu mpaka sasa na zote hazina chaja.